Maswali ya walezi: Mvua ikianza kupiga bati

Kamwene wasomaji wangu wa Iringa na Njombe, na ninyi wa Rungwe mugonile. Mwezi huu barua za walezi wa watoto wenye usonji, ile hali ya ubongo ambayo kwa Kiingereza wanaita autism, zimekuwa nyingi na nyingi zinafanana, mtoto hawezi kelele, mtoto hataki kuguswa, mtoto hataki nguo, na mwishoni kabisa, mstari mmoja tu, mlezi anasema na yeye kachoka. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ilistahili.

SWALI

Shikamoo dada. Nina mtoto wa kiume, ana miaka sita, hospitali walishaniambia ana usonji. Maneno anayo machache, anasema maji, anasema baba, basi. Ila shida yangu kubwa sio kuongea, ni mvua. Unaijua mvua yetu ya Tukuyu, na nyumba yetu haina dari, ni bati tupu. Ikianza kupiga anaziba masikio, anapiga kelele, anajing'ata mkono hapa karibu na dole gumba mpaka sasa pameota sugu. Inaweza kuwa saa nane ya usiku. Baba yake ni dereva wa lori la Dar na Tunduma, tunamwona mara mbili kwa mwezi. Naishi na mama mkwe, yeye anasema nimemdekeza, angekuwa wa kwake angeshamchapa akaacha. Kanisani nimeacha kwenda kwa sababu ya maspika, kikoba nimeacha, hata nikiwa naosha vyombo masikio yangu yako juu nasikilizia mawingu. Juzi usiku ilinyesha karibu masaa mawili, nikamfinya dada, nikamfinya kwa nguvu, af nikamwacha kitandani nikatoka nikakaa kwenye ngazi ya jikoni mvua inaninyeshea, nikawa nawaza bora kesho nisiamke. Mwanangu nampenda sana. Hivi mimi ni mama gani jamani?
*Mama wa mmoja, Tukuyu*

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama pale kwenye ngazi ya jikoni, kwa hiyo naanzia hapohapo.

Kumfinya sio sawa na unajua, ndo maana umeandika, ungeweza kuficha. Ila kumwacha kitandani mahali salama ukatoka nje, hiyo ilikuwa akili, uliona mkono wako unaanza kufanya usichokitaka ukauondoa. Sasa siku nyingine toka kabla ya kufinya. Mgongee bibi yake akae mlangoni pale, haimbidi afanye chochote, akae tu amwangalie asijiumize, wewe toka uvute pumzi dakika kumi, ukirudi utarudi na mikono mingine.

Hilo la kutamani usiamke siwezi kulipita. Wiki hii, sio mwezi ujao, nenda hospitali, uliza anapohudumia mtu wa afya ya akili, na mwambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, usiyapunguze. Tunajijua wanawake wa huku, tunaenda hospitali tumebeba mzigo wa mwaka mzima tukifika mbele ya daktari tunasema kichwa kinauma, tunapewa panado tunarudi nayo nyumbani. Hiyo inaweza kuwa sonona, yaani huzuni nzito inayomtoa mtu hamu ya kuishi, na sonona ni ugonjwa na una tiba, ya maongezi na ya dawa pia. Na kama ndani mna dawa za shamba, za kahawa au za nyanya, mpe jirani akutunzie kwa sasa. Usiku wazo hilo likirudi, usilale nalo peke yako, mwamshe mtu, hata kama ni huyohuyo mama mkwe.

Haya, mvua. Mwaka 1943 daktari mmoja wa Marekani, Leo Kanner, aliandika habari za watoto 11 aliokuwa anawafuatilia, na ndo maandiko yaliyoufanya usonji ujulikane kwa jina tunalolitumia mpaka leo. Kati ya vitu alivyoandika kuwa vinawatisha hao watoto ni maji yanayotiririka, mashine ya kupigia mayai, na upepo. Upepo! Miaka yote hiyo, nchi ya mbali kabisa na Tukuyu, mama mwingine alikuwa anakimbizana na upepo kama wewe na mvua. Ila madaktari walichelewa kulipa uzito jambo hili, mpaka mwaka 2013 ndo mwongozo mkubwa wa Wamarekani wa kutambua maradhi ya akili ukaweka rasmi kwamba kuzidiwa na sauti, mguso, harufu au mwanga, au kinyume chake yaani kutovihisi vya kutosha, ni moja ya dalili za usonji.

Kinachotokea ni hivi. Wewe na mimi mvua ikianza tunaisikia, baada ya dakika tano ubongo unaiweka pembeni, tunaendelea na stori. Kwa watoto wengi wa usonji ile kuweka pembeni haifanyi kazi vizuri, dakika ya arobaini ni kama dakika ya kwanza. Na bati bila dari linapiga kelele kweli, hata sisi wageni tukilala huko tunashtuka. Kwa hiyo anapojing'ata mkono hakuoneshi jeuri, mara nyingi anatafuta maumivu anayoyaendesha mwenyewe ili yamfunike yale asiyoweza kuyaendesha. Umchape unakuwa umeongeza kelele juu ya kelele.

Mama mkwe akisema anadeka, mwambie aangalie kitu kimoja. Mtoto anayedeka anachungulia kama unamwona, na ukimpa anachotaka ananyamaza. Huyu mvua ikipiga mpe biskuti uone kama ataiona.

Na usimchukie mama mkwe, kumlaumu mama walifanya hata wasomi. Miaka ya 40 mpaka ya 60 madaktari wakubwa huko Marekani walikuwa wanafundisha kwamba usonji unaletwa na mama asiye na upendo, mama wa baridi kama friji, na akina mama waliambiwa hivyo usoni wakiwa na watoto wao mikononi. Aliyekuja kuipinga kwa nguvu ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa na usonji, kwenye kitabu chake cha mwaka 1964. Leo inajulikana usonji ni jinsi ubongo ulivyokua, na sehemu kubwa yake ni ya kurithi. Haukutokana na wewe kumbeba sana wala kumbeba kidogo.

Sasa nije kwenye sentensi yako ambayo naamini ndo ugonjwa wenyewe, ile ya kuosha vyombo huku masikio yako juu. Wewe hujachoka kwa zile kelele za masaa mawili tu. Umechoka kwa masaa ishirini na mbili mengine ya kuzisubiri. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2010, walipima homoni ya kotisoli, ile inayoamsha mwili kukabiliana na shida, kwa akina mama wenye vijana na watu wazima wenye usonji, wakakuta kwa wale mama imeshuka kuliko kwa mama wengine, hali ambayo inaonekana kwa watu walioishi na msongo miaka mingi, mwili umeshtuka mpaka umechoka kushtuka. Kwa hiyo mtu akikwambia upumzike, mtoto si amelala, hajui anachosema, mtoto kalala ila wewe bado uko zamu.

Na zamu haiishi mpaka apatikane mtu wa pili anayeijua. Sisemi msaidizi wa kufua au kupika, nasema mtu anayejua mwili wa mtoto kama unavyoujua wewe, kwamba akianza kusugua kidole gumba zimebaki dakika chache, kwamba asiguswe begani ghafla, kwamba wakati ule usimwongeleshe. Mi nililea mtoto wa marehemu dada yangu, tulikuwa Uyole, na mwezi wa saba Uyole unajua baridi lake, mtoto sweta hataki, anavua anabaki kifua wazi anatetemeka midomo imekuwa ya bluu. Nilipigana nae wiki mbili. Siku moja nikaligeuza lile sweta, la mtumba, nikakuta shingoni kuna lebo mbili zimeshonwa pamoja na kale kauzi ka nailoni kameachia, nikakapitisha shavuni kwangu, jamani kanachoma kama kijiti. Nikachukua wembe nikafumua uzi mmoja mmoja mpaka mwisho wa mshono, maana ukikata lebo katikati kile kibaki kinakuwa kikali zaidi, nikamvalisha na fulana laini ndani nimeigeuza mshono nje. Akavaa. Ila nikwambie kilichonipa usingizi hasa, sio sweta. Ni kwamba shemeji yangu alikuwa amekaa pale ananiangalia, kesho yake nikasikia yeye ndo anawafokea watoto wengine, msimvalishe hiyo, hamjatoa lebo. Usiku ule nililala mpaka asubuhi.

Mtu wako wa pili tayari yupo ndani, ni huyo mama mkwe. Usimhubirie, wazee hawafundishiki kwa hotuba. Mpe kazi moja ya heshima inayohusu mvua. Mwambie, mama naomba mvua ikianza wewe ndo umpeleke kwenye kibanda chake. Na kibanda unakitengeneza hivi, meza mliyonayo isogeze kwenye kona iliyo mbali na ukuta wa nje, chini weka godoro la zamani, juu na pembeni tupia yale mablanketi mazito na vitenge mpaka pawe giza kidogo na sauti ipungue, acha upande mmoja wazi hewa ipite. Hakitazima mvua, kitaipunguza. Muhimu, azoee kuingia siku za jua, kila jioni dakika chache na kitu anachokipenda, ili mvua ikija pawe tayari ni pake, usimsukumie humo mara ya kwanza akiwa ameshalipuka atapaogopa. Blanketi zito wengi wanalipenda, hata kama utafiti wa Uingereza wa 2014 ulionesha haliongezi masaa ya kulala, watoto wenyewe walilipenda kuliko la kawaida, ila kichwa kisifunikwe na awe na uwezo wa kulitoa mwenyewe.

Baba yake nae akirudi safari hii ongea nae habari ya dari. Chumba kimoja tu, cha mtoto, sio nyumba nzima. Najua ni hela, ila weka kwenye mpango kama mnavyoweka ada, kwa nyumba yenu dari ni dawa.

Kanisani, anza kukaa nje chini ya mti, dakika ishirini kabla kwaya haijawasha mitambo, kisha mnaondoka bila aibu. Na kikoba rudi, bibi akishazoea kazi ya kibanda. Hospitali uliza pia kama wana mafunzo ya walezi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9 wanaochelewa kukua au wenye usonji, vikao tisa vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara tatu, na wameweka humo mlezi kujitunza yeye mwenyewe, sio mtoto tu.

Umeniuliza wewe ni mama gani. Ni mama aliyelinda zamu peke yake miaka sita.

SWALI

Habari dada. Mi nipo Mafinga nafanya kazi kiwanda cha mbao. Binti yangu ana miaka 8, ana usonji, kengele ya shule na watoto wakipiga kelele vinamtoa machozi anakimbilia chooni. Nilimpelekea vile vya kuziba masikio tunavyovaa kwenye msumeno, vile kama hedifoni, akatulia kabisa. Mwalimu kavichukua anasema tukimwachia hatazoea kelele. Mke wangu analia kila siku, mi siwezi kulia mbele yake kwa hiyo jioni napitia ulanzi, pombe yetu ya mianzi, narudi usiku. Nani yuko sahihi, mi au mwalimu?
*Baba Mafinga*

JIBU

Wewe una haki kubwa, na mwalimu ana haki kidogo. Kumnyang'anya mtoto ili azoee haifanyi kazi, mtoto anayejificha chooni hajifunzi kuzoea, wala hajifunzi hesabu pia. Ila akivaa kutwa nzima kuna hasara, masikio yakizoea kimya kile cha ndani, kelele ya kawaida inakuja kuonekana kubwa zaidi ya mwanzo. Kwa hiyo viwe vya saa na mahali, kengele, mstarini, mapumziko, darasani kwenye utulivu avue. Avivae mwenyewe, avivue mwenyewe, vining'inie kwenye begi. Angalia visimbane, vya watu wazima vinaminya kichwa cha mtoto, na wengine mbano wenyewe ni tatizo jipya.

Nenda kwa mwalimu bila hasira, ongea kama baba, muombe wiki mbili za majaribio, ahesabu mara ngapi anakimbilia chooni kabla na baada. Mwalimu akiona namba zake mwenyewe atabadilika. Na muombe kengele ikikaribia amwambie mtoto dakika moja kabla, hata kwa kumuonesha kidole. Kama hujawahi kumpima masikio, mpime pia, maana kuna watoto wana shida ya sikio na wazazi wakadhani ni usonji peke yake. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma na kusaidiwa kwa mahitaji yake, huombi hisani.

Sasa ulanzi, baba. Unasema huwezi kulia mbele ya mkeo, lakini ukichelewa kurudi yeye anajua unalia huko. Yeye anabaki zamuni peke yake jioni yote, muda ambao mtoto katoka shule kajaa kelele za kutwa na ndo analipukia nyumbani. Nakuomba jioni tatu kwa wiki urudi moja kwa moja, mchukue binti mtembee nae barabara ya miti kule kimya, mkeo alale hata saa moja. Na usiku mmoja kaeni mlie wote wawili.

SWALI

Dada shikamoo, mi nipo kidato cha nne Iringa, tunakaa Kihesa. Mama anauza nyanya sokoni anarudi saa moja usiku. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 9 ana usonji, yeye hasikii maumivu, alishika jiko la mkaa akaungua vidole hata hakulia. Anazunguka tu anaruka kwenye makochi kutwa. Nikitoka shule mi ndo nakaa nae, sisomi. Mtihani ni mwezi wa kumi na moja. Wakati mwingine namchukia, af najisikia vibaya.
*Dada mtu*

JIBU

Marahaba mwanangu. Hiyo sio chuki, una miaka ya kusoma na umepewa zamu ya mama. Unaweza kumpenda sana mdogo wako na ukachoka nae siku hiyohiyo.

Mdogo wako ni kinyume cha yule wa Tukuyu. Huyu mwili wake haupokei vya kutosha, ndo maana anazunguka na kuruka, anautafuta mwili wake ulipo. Mbali na ile milango mitano ya fahamu tuliyofundishwa darasani kuna mingine, ya usawa iliyoko ndani ya sikio na ya viungo na misuli inayotuambia mikono iko wapi, na kazi nzito inailisha hiyo. Ukifika nyumbani kabla hujafungua daftari mpe kazi ya nguvu nusu saa, abebe ndoo ndogo ya maji kutoka bombani, asukume toroli, akande unga wa chapati, aruke kwenye godoro chini sio kwenye makochi. Watoto wengi baada ya hapo wanatulia kidogo, huo ndo muda wako wa hesabu, ya kukariri weka baadae.

Jiko lazima liwe nje ya mkono wake, lipikiwe nyuma ya mlango unaofungwa, maana yeye maumivu hayatamfundisha. Na kila jioni akioga mwangalie miguu na mikono, anaweza kuwa amekatwa na hajui.

Lingine la mama. Usimwambie nimechoka, mwambie mama nahitaji jumatatu, jumatano na ijumaa, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, hayo masaa sita tu. Kama hawezi kutoka sokoni, mtafute pamoja mtu mmoja, shangazi, jirani, mama wa jumuiya, aje hizo siku, na siku mbili za kwanza ukae nae umuoneshe mdogo wako anavyokuwa. Shuleni nenda kwa mwalimu wa ushauri na unasihi umweleze, walimu wengi hawajui kabisa kama nyumbani unalea mdogo wako. Ukishindwa kuongea na mtu yeyote kuna namba 116, ni bure, ni ya watoto na vijana, na wewe bado ni mtoto.

Niandikie mwezi wa kumi unieleze yule mtu wa jumatatu amepatikana nani.